Majina Yanapohama Kitabu

Kwa miaka 49, kuanzia 1963 hadi 2012, sheria ya ardhi ya Kenya ilikuwa na kifungu ambacho yeyote aliyewahi kuhamisha data angekisoma mara mbili. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa kiliiruhusu mahakama kurekebisha rejista kama jina liliingizwa kwa makosa au kwa ulaghai. Ila mlango mmoja ulifungwa: usajili wa kwanza haukuguswa. Jina lililotoka midomoni mwa wazee likaingia kwenye kadi ya serikali kwa mara ya kwanza, lilikaa hapo. Hata kama liliingia kwa hila.

Nimekuwa nikikifikiria kifungu hicho kwa sababu ya kazi moja ndogo. Chama cha matanga kimoja huko Nyamira kilitaka kutoa hesabu zake kwenye kauntabuku na kuziweka kwenye kompyuta. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na kazi za kompyuta za hapa na pale ndizo hulipa nyumba makala yakichelewa kulipwa, kwa hiyo nikaitwa. Swali walilonipa lilikuwa rahisi: tutumie programu gani? Hilo unaweza kulijibu kwa jioni moja. Kuna swali lingine ambalo hawakuliuliza, na ndilo lililotula miezi: nani ataingia, kwa jina gani, na akiandikwa vibaya atalalamikia wapi?

Gusii imeshalijibu swali hilo mara kadhaa katika miaka mia moja iliyopita. Baadhi ya majibu bado tunayalipia.

Wa nani wewe?

Kabla ya karani kulikuwa na ukoo. Philip Mayer, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Gusii miaka ya 1940, alichapisha mwaka 1949 kazi iliyoonyesha jinsi ukoo ulivyopanga mambo hapa: nani alime wapi, nani aoe wapi, nani asimame na nani ugomvi ukizuka. Mtu hakuulizwa nambari. Aliulizwa wa nani. Naye akataja baba, babu, nyumba ya mama yupi kama boma lilikuwa na wake kadhaa, kisha ukoo, na mwisho moja ya zile jamii kubwa saba: Kitutu, Nyaribari, Mugirango ya Kaskazini, Mugirango ya Kusini, Majoge, Bassi au Wanjare. Hiyo ilikuwa anwani kamili.

Jina lenyewe halikutulia mahali pamoja. Mtoto hupewa jina la jamaa aliyefariki, kwa hiyo Makori wa leo anaweza kuwa na babu Makori na binamu watatu akina Makori. Msichana ambaye mamake alimzaa akiwa safarini, akivuka mto, huitwa Kwamboka. Akiolewa, kwa wakwe anakuwa mok' fulani, yaani mke wa fulani. Akizaa, anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Akibatizwa, anaongeza la kanisani. Majina yote hayo ni yake, na kila moja lina watu wake wanaolitumia. Kijijini hakuna anayechanganyikiwa.

Hesabu pia zilikuwepo. Katika egesangio, kikundi cha majirani wanaolimiana kwa zamu, ilijulikana nani kamlimia nani na nani bado anadaiwa siku. Sisemi kwamba kumbukumbu hiyo ilikuwa ya haki. Mwenye sauti barazani ndiye aliyekumbukwa vizuri, na mjane asiye na mwana mkubwa aliweza kusahaulika upesi sana. Lakini ilibishika. Mtu akisimama akasema "aa-a, haikuwa hivyo," hesabu ilifunguliwa upya mbele ya watu.

Kufikia 1908 tayari Kisii ilikuwa na mkuu wa wilaya Mwingereza, G.A.S. Northcote, yule aliyechomwa mkuki na Otenyo mwaka huo. Mji wenyewe watu waliuita Bosongo, kwa wazungu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, kikaja kipande. Sheria yake ilikuwa imepitishwa 1915, na sasa ikaanza kutekelezwa: kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 asajiliwe, achukuliwe alama za vidole, na abebe karatasi yake ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni.

Hebu itazame karatasi hiyo kama jedwali. Safu zake zilikuwa jina, kabila, alama za vidole, mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kuacha. Ukisoma safu tu, bila hata jina la mtu mmoja, unajua nani aliitengeneza na alitaka kujua nini. Alitaka kumpata kibarua aliyetoroka shamba la mzungu. Swali la "wa nani wewe" lilibaki, ila jibu lake sasa lilikuwa jina la tajiri. Wanawake hawakuwa na mstari kabisa. Hata baada ya uhuru walisubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo sheria ikawataka nao wachukue kitambulisho.

Siku 60

Uhamisho mkubwa zaidi ulikuwa wa ardhi. Usajili wa mashamba ya Waafrika ulianzia Mkoa wa Kati miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Ukafika Nyanza baadaye, na Gusii ikapimwa zaidi miaka ya 1960 na 1970. Ukisimama juu ya kilima chochote kati ya Keroka na Nyamira utaona kilichokuwa kinapimwa: vipande vyembamba vinavyoteremka kutoka barabara ya juu hadi mtoni, kila kimoja na ua wake, chai au ndizi juu, nyasi za ng'ombe chini.

Kazi ilifanywa hivi. Chini ya sheria ya 1968, eneo lilitangazwa, ikaundwa kamati ya wakazi wa hapo hapo, watu wasiopungua 10. Kamati ilitembea mpaka kwa mpaka na kusikiliza. Wazee walisema, majirani walibisha, karani aliandika. Mwishowe rejista iliwekwa wazi, na asiyeridhika alikuwa na siku 60 za kupinga. Siku hizo zikiisha na rufaa zikikatwa, majina yalipelekwa kwenye ofisi ya ardhi na kila shamba likafunguliwa kadi.

Kadi hiyo, ile ya kijani ambayo mawakili bado huiulizia, ina sehemu tatu. A ni ya shamba lenyewe, B ni ya mwenye shamba, C ni ya mizigo kama mkopo wa benki au zuio. Basi. Hakuna sehemu ya anayeishi hapo, wala ya anayelima kwa ruhusa, wala ya mama mkwe aliyeahidiwa kipande cha chini mtoni. Maarifa yote ya ukoo, yale ya nyumba ya mama yupi na nani alimpokea nani, yaliingizwa kwenye B. Mara nyingi yalitoshea kama jina moja la mwanamume mmoja.

Cha kushangaza ni kwamba ukoo haukupotea kabisa. Uliingia kwenye nambari. Shamba la Gusii halina nambari tupu; linaanza na jina la eneo na ukoo, mathalani West Kitutu/Bogeka au West Mugirango/Bosamaro, kisha ndiyo ifuate tarakimu. Yaani serikali ilipohitaji njia ya kutofautisha shamba na shamba, iliazima ile anwani ya zamani. Iliuchukua ukoo kama lebo, lakini haikuupa usemi.

Halafu kikaja kile kifungu cha 143. Aliyekuwa shuleni Nairobi, au kibarua Kericho, au mjane aliyeogopa kusema mbele ya shemeji zake, siku 60 zilimpita. Mahakama nayo ikawa inasoma kadi. Mwaka 1972, katika kesi ya Obiero dhidi ya Opiyo, wana wa mke mwenza walidai shamba kwa mila, nalo lilikuwa limesajiliwa kwa jina la mjane. Mahakama ikamtazama aliyeandikwa, na mjane akashinda. Kwa hiyo si kwamba kadi iliwaumiza wanawake tu kila mara. Iliwaumiza wote ambao haki yao haikuwa na safu.

Sheria mpya ya usajili wa ardhi ya 2012 ilikifuta kifungu hicho na kuzitambua amana za kimila, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Kiebia dhidi ya M'Lintari, ikathibitisha kwamba aliyeandikwa anaweza kuwa anashikilia shamba kwa niaba ya jamaa wengine. Lakini kadi zenyewe? Nenda boma lolote Gusii uulize hatimiliki iko kwa jina la nani. Mara nyingi utaambiwa: la babu. Babu alifariki zamani. Wanawe walijigawia kwa mdomo, wajukuu wamejenga, na kumtoa mzee kwenye rejista kunahitaji kesi ya mirathi, ile watu huiita saksesheni: barua ya chifu, orodha ya warithi wote, ada, miaka. Orodha ya warithi wote! Yaani ndugu wakae tena chini waulizane swali lile lile ambalo kamati iliuliza miaka ya 1960, safari hii bila wale wazee waliojua.

Programu gani?

Turudi kwa chama. Vitabu vilikuwa vinne, cha kwanza kikianzia 1994, vyote vya jalada gumu jeusi. Kila mwanachama huchanga kila mwezi, na akifiwa, au akifa yeye, chama kinalipia jeneza, gari na chakula cha waombolezaji. Sharti ni moja: uwe umelipa. Asiye na rekodi safi familia yake hupata nusu. Huku kwetu, ambako matanga yanaweza kuila ng'ombe, chai na karo kwa wiki moja, nusu hiyo si mzaha.

Kijana wa mweka hazina alipendekeza Excel. Si vibaya kuanzia hapo, na ningemwambia mtu yeyote mwenye orodha moja isiyo na historia aishie hapo. Shida ni kwamba lahajedwali humwamini kila mtu. Ukiandika simu 07 na kitu, inaona tarakimu na kuila sifuri ya mbele. Ukiandika 3/4, inaamua ni tarehe. Nayo ikijaa hailii kwa sauti. Mwaka 2020 Uingereza ilipoteza kwenye hesabu karibu watu 16,000 waliopatikana na korona kwa zaidi ya wiki moja, kwa sababu matokeo yalipitishwa kwenye muundo wa zamani wa faili za Excel ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilidondoka kimya. Kama hilo linaipata nchi yenye pesa vile, chama cha matanga kina haki ya kuogopa.

Wazo la hifadhidata kwa maana ya leo lilitoka kwa Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Marekani. Mwaka 1970 aliandika kwamba data ziwekwe kwenye majedwali sahili yanayounganishwa kwa nambari, ili jambo moja liandikwe mahali pamoja. Mtu kwenye jedwali la watu, malipo kwenye jedwali la malipo, na nambari ya mtu ndiyo kamba inayoyafunga. Miaka 22 baadaye Microsoft ikatoa Access, na ghafla karani asiye mhandisi akaweza kujenga kitu kama hicho kwenye kompyuta ya ofisi.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Mosoriot, kituo cha afya cha mashambani huko Nandi, kati ya Eldoret na Kapsabet. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani, waliweka hapo mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa kwa Access. Ulikuwa mdogo na ulifanya kazi. Kisha huduma za VVU zikapanuka magharibi mwa Kenya, wagonjwa wakawa maelfu, na maswali ya madaktari yakaanza kubadilika kila mara. Mwaka 2004 madaktari wawili kutoka Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, walikuja Eldoret kuangalia. Kilichozaliwa kutokana na safari hiyo ni OpenMRS, programu huria, na mwaka 2006 rekodi zikahamia huko. Mfumo wa KenyaEMR unaotumika leo katika vituo vingi vya afya nchini umejengwa juu yake.

Kilichobadilika kati ya Mosoriot na OpenMRS ndicho kilichonifaa mimi. Katika jedwali la kawaida kila swali lina safu yake: uzito, presha, dawa. Ukipata swali jipya unabomoa ukuta. OpenMRS iliyaweka maswali yenyewe kwenye kamusi, kila swali likiwa mstari, ili daktari aongeze jambo jipya bila kuvunja jedwali. Waliotengeneza walikubali kwamba hawajui kesho wataulizwa nini. Kadi ya kijani haikuwahi kukubali hivyo.

Tulichochagua hatimaye ni SQLite. Iliandikwa na Mmarekani Richard Hipp mwaka 2000, na huenda unayo mfukoni sasa hivi, kwa sababu imo ndani ya simu za Android na za iPhone. Haihitaji seva wala intaneti. Data zote hukaa kwenye faili moja unayoweza kuiweka kwenye flashi. Haina hakimiliki, kwa hiyo hakuna wa kuja kudai ada, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka kwenye orodha ya miundo inayopendekeza kwa kuhifadhi data kwa muda mrefu. Access ingefaa pia, ila inataka Windows na leseni, na laptopu ya katibu ina umri wake. Za mtandaoni za bure tulizikataa kwa sababu orodha hii ina majina, simu na nambari za vitambulisho vya watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 anayeshika vitu hivyo ana wajibu. Ya kufungulia faili ni DB Browser, nayo ni ya bure. Katibu anaona majedwali yanayofanana na yale aliyozoea.

Jioni moja, kama nilivyosema.

Kuhama

Tatizo la kwanza lilikuwa ritifaa, ile alama ndogo iliyo juu ya ng'. Ekegusii hakiwezi kuishi bila hiyo: Nyang'au, Ong'era, Mong'are. Lugha ya hifadhidata nayo huitumia alama iyo hiyo kuonyesha neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Kwa hiyo ukiingiza Nyang'au bila tahadhari, kompyuta inadhani jina limekwisha kwenye Nyang na hiyo au ni amri isiyoeleweka. Wahandisi wa nje wanalijua tatizo hili kupitia majina ya Waairishi kama O'Brien. Dawa ni nyepesi, unairudia alama mara mbili. Lakini makarani wengi huko nyuma hawakutafuta dawa, waliifuta. Ndiyo maana kitambulisho cha mzee kinasema Nyangau, cha mwanawe Nyang'au, na simu inaandika kwa ritifaa iliyopinda ambayo kompyuta inaiona kuwa herufi nyingine kabisa. Majina matatu, boma moja.

La pili lilikuwa mahali. Kitabu cha 1994 kilikuwa na safu ya wilaya. Watu wa kijiji kimoja waliandikwa wengine Kisii, wengine Nyamira, kwa sababu Nyamira ilikatwa kutoka Kisii mwishoni mwa miaka ya 1980 na kila mmoja alinakili kilichokuwa kwenye kitambulisho chake. Baadaye zikaja Manga, Masaba na Borabu, na mwaka 2013 kaunti. Hakuna aliyehama. Mipaka ndiyo iliyotembea juu ya vichwa vyao. Ukizichukulia safu hizo kama ukweli, utasema ndugu wawili wanaishi wilaya mbili.

La tatu, na ndilo zito, lilikuwa nani ni nani. Kompyuta inataka nambari moja kwa mtu mmoja. Kitabu cha kwanza kilikuwa na mok' fulani. Cha pili kilikuwa na Kerubo, bila zaidi. Cha tatu na cha nne kilikuwa na jina refu la kitambulisho. Ukiyaingiza kama yalivyo unapata wanawake watatu: wa kwanza alilipa miaka tisa akatoweka, wa pili alilipa mitano akatoweka, wa tatu ni mgeni wa juzi. Programu yoyote itakubali hivyo bila kulalamika. Na siku mama huyo akifariki, chama kitafungua mstari wa mgeni wa juzi na kuwapa watoto wake nusu.

Hapa ndipo historia iliponisaidia kuliko kompyuta. Tulifanya mambo manne.

Kwanza, tulitenganisha mtu na jina. Kuna jedwali la watu, lenye nambari tu na tarehe ya kujiunga. Majina yana jedwali lake, na mtu mmoja anaweza kuwa na majina sita bila kuvunja chochote. Mok' ni jina. Jina la ubatizo ni jina. Nyangau na Nyang'au, yote mawili yanaingia, na yote yanaelekea nambari moja.

Pili, kila mstari unabeba kitabu na ukurasa ulikotoka. Hakuna malipo yanayoingia bila anwani ya karatasi. Mtu akibisha, unafungua kauntabuku ya pili, ukurasa fulani, mnasoma pamoja.

Tatu, tulijumlisha. Makarani wa zamani wa chama walikuwa na tabia nzuri ya kuandika jumla chini ya kila ukurasa kwa kalamu nyekundu. Kila ukurasa ulioingia kwenye kompyuta ilibidi utoe jumla ile ile. Haikutoa, haukupita. Mara nyingine kosa lilikuwa la karani wa 1997, na tuliliacha kama lilivyo, tukaliandikia maelezo pembeni. Kusahihisha kitabu cha mtu aliyekufa kimyakimya ni kuandika kitabu kipya.

Nne, tuliita kikao. Jumamosi mbili mfululizo, majina yakasomwa kwa sauti, moja moja, kwa Ekegusii. Nilitarajia watu wachoke. Wapi! Akina mama wazee ndio walioshika usukani. "Huyo mok' fulani ni mimi." "Huyo alikuwa mke wa kwanza, alirudi kwao, aliyefuata ndiye huyu." "Huyo alifariki, lakini dada yake aliendelea kulipa kwa jina lake." Katibu aliandika yote. Lile la dada lilibishaniwa karibu saa nzima, na mwishowe kikao kikaamua malipo yahesabiwe kwa dada kuanzia mwezi wa mazishi. Hiyo ilikuwa kamati ya mipaka kama ya miaka ya 1960, watu wale wale wa kujua, na swali lile lile. Tofauti ni kwamba hatukuweka siku 60. Pingamizi lina jedwali lake, na halifungwi. Anayepinga, alichosema, tarehe, kikao kiliamua nini. Usajili wa kwanza unarekebishika, na marekebisho hayafuti kilichokuwepo mwanzo.

Yule mama wa majina matatu alikuwepo. Nambari yake sasa ni moja na miaka yake yote imeungana, isipokuwa miezi saba ya mwaka 2003 ambayo ukurasa wake ulinyeshewa na mvua. Alisimama akasema alilipa. Wawili waliokuwa wakichanga naye siku hizo wakasema ni kweli. Safu ya ukurasa ikaandikwa "hausomeki", na safu ya mashahidi ikaandikwa watu wawili. Ni ushahidi dhaifu kuliko risiti, lakini umeandikwa kwamba ni dhaifu, na hilo kadi ya kijani haikuwahi kuliweza.

Oktoba 2024

Unaweza kusema haya ni mambo ya kijijini. Kumbuka tarehe 1 Oktoba 2024. NHIF, iliyoanzishwa 1966, ilifungwa na SHA ikaanza, na watu waliochangia kwa miaka waliambiwa wajisajili upya, kwa *147# au kwa wahudumu. Wazazi wengi walisajiliwa na watoto wao walio Nairobi, kwa simu, usiku, mtoto akiuliza "mama, kwa kitambulisho unaitwa nani hasa?" Ardhi nayo imo njiani: Ardhisasa ilizinduliwa Aprili 2021 ikianza na Nairobi, na kadi za kijani za Kisii na Nyamira zitafika zamu yao. Zikifika, babu atahama pamoja nazo. Atakuwa na mstari safi, unaotafutika kwa sekunde, na bado atakuwa amekufa, na wajukuu wake bado hawatakuwemo.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasifu mfumo mpya kwa kasi yake, mimi huuliza mambo ya kikarani. Jina langu likija na sura mbili, yote mawili yatakaa? Ukiniandika, utaandika pia ulinitoa ukurasa upi? Na nikisema umekosea, neno langu litaingia safu gani? Haya si maswali ya wahandisi peke yao. Bibi zetu waliyauliza kwenye kamati wakaambiwa muda umekwisha.

Kauntabuku nne ziko kwenye sanduku la bati kwa mweka hazina, zimefungwa kwa nailoni, na katiba ya chama sasa inakataza kuzitupa. Kila mwisho wa mwezi katibu anachapisha orodha na kuibandika ukutani mahali wanapokutania, na kalamu inaning'inia hapo kwa uzi. Mwezi uliopita mtu aliongeza ritifaa kwenye jina lake.